Hana Akili: Akili Ipi?

Wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha, huko Amani, nilimtisha mama wa watu bila kukusudia.

Nilikuwa nimepangiwa Darasa la Tatu kwenye shule moja ya msingi kule juu, kwenye ukungu na mashamba ya chai. Mwalimu wa darasa alikuwa likizo, akaniachia daftari lake la maendeleo ya wanafunzi. Kwenye jina la mtoto mmoja wa kiume palikuwa na maneno mawili tu: "Hana akili." Mtoto mwenyewe alikuwa anarudia darasa, na kusoma bado kulikuwa kunamshinda. Mama yake akaitwa.

Alikuja asubuhi, ameloa umande mpaka magotini. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Sasa mimi, mwanachuo wa mwaka wa tatu, nikataka kuonyesha kwamba nimesoma. Lile neno la daftarini niliona ni tusi, nikalibadilisha kwa lugha niliyoiona ya kistaarabu na ya kitaalamu. Nikasema, "Mama, inawezekana mwanao ana tatizo la akili."

Akanyamaza. Akashusha mkoba wake chini taratibu, akaniuliza, "Kwa hiyo, mwalimu, ni wa kupelekwa Lutindi?"

Kwa msiojua, Lutindi ni hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko wilayani Korogwe, kwenye milima hiyohiyo ya Usambara. Huko kwetu ukisikia mtu ni "wa Lutindi" unaelewa, kama watu wa Dodoma wanavyoelewa wakisikia Mirembe. Mimi nilikuwa nawaza kitu kingine kabisa. Kichwani mwangu kulikuwa na maneno ya Kiingereza, "intellectual disability", tuliyofundishwa semista ya pili kwa slaidi nzuri tu. Nililitoa kwa Kiingereza likiwa jambo moja, likafika kwa mama likiwa jambo jingine. Hata hilo jambo la kwanza sikuwa na haki ya kulisema, maana hakuna mtu aliyekuwa amempima mtoto yule chochote.

Tangu siku ile nimekuwa nayafuatilia haya maneno. Naandika hapa kwa sababu wengi wetu tunasoma saikolojia ya elimu kwa Kiingereza, tunakwenda kufundisha na kuongea na wazazi kwa Kiswahili, na katikati hapo hakuna anayetukagua tunachobeba.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Kuna "brain", nayo ni nyama, kilo moja na ushee ndani ya fuvu. Unaweza kuipiga picha hospitalini. Kuna "mind", nayo hakuna mashine iliyowahi kuipiga picha: ni kile kinachowaza, kinachokumbuka, kinachotaka, kinachoogopa, vyote kwa pamoja. Kuna "intelligence", uwezo wa kujifunza na kutatua jambo jipya, ambao hata mbwa anaweza kuwa nao, na siku hizi watu wanasema hata kompyuta. Kuna "intellect", ambayo ni finyu zaidi: ni uwezo wa kushughulika na mawazo yenyewe, kupanga hoja, kutenga sababu na matokeo. Mbwa anaweza kuitwa "intelligent", ila hakuna atakayesema ana "intellect" kubwa, labda kwa utani. Kuna "reason", ile nguvu ya kwenda hatua kwa hatua kutoka hoja moja hadi nyingine. Na kuna "sanity", uzima wa akili, ambayo mtu huitambua zaidi ikipotea.

Sasa chukua Kiswahili. "Huyu binti ana akili sana," hapo tunasema "intelligence". "Tumia akili, bwana," hapo ni "reason", au tuseme busara ya kawaida. "Amerukwa na akili," hapo ni "sanity". "Nipo darasani lakini akili yangu iko nyumbani," hapo ni "mind", au niseme umakini. "Acha akili za kitoto," hapo ni namna ya kufikiri. Na mashine za siku hizi tunaziita akili mnemba, wengine akili unde, wengine akili bandia. Neno moja linafanya kazi ya maneno sita, na katika mazungumzo ya kawaida hatugongani, kwa sababu vitenzi na maneno ya jirani yanatuongoza. Akili ya kurukwa nayo haiwezi kuchanganywa na akili ya kutumia.

Msinielewe vibaya, sisemi Kiswahili ni maskini. Sipendi hata kidogo yale mazungumzo ya kusema Kiingereza kina maneno mengi kwa hiyo kinafikiri zaidi. Neno "mind" lenyewe hapo kale lilikuwa na maana ya kumbukumbu, na bado mabaki yake yamo katika "remind", kumkumbusha mtu. Akili yetu nayo ina historia. Imetoka Kiarabu, kwenye mzizi uleule unaotoa jina la kamba ya kumfunga ngamia mguu asitoroke. Ile duara nyeusi ambayo Waarabu wanaivaa juu ya kitambaa cha kichwani ni ndugu yake pia. Kwa picha hiyo akili ni kinachokuzuia usikimbie ovyo. Ndiyo maana mtu aliyefungukiwa na kamba hiyo kwetu "karukwa" nayo, na mtoto anayepanda mti mbovu anaambiwa hana akili ingawa hesabu anapata zote.

Tena methali inasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tazama hapo: "zake", si "yake". Waliotunga methali ile waliziona akili kuwa nyingi na za aina mbalimbali. Shule ndiyo iliyozifanya kuwa kitu kimoja, unacho au huna, wewe kipanga au wewe kilaza. Na hapa chuoni tunaendeleza mchezo uleule kila matokeo yanapobandikwa.

Mazungumzo ya kawaida yanatuvusha, lakini faili la mwanafunzi, fomu ya rufaa na kikao na mzazi si mazungumzo ya kawaida. Hapo tunasema "ugonjwa wa akili" na "ulemavu wa akili", na tofauti yote imebebwa na neno la kwanza ambalo mzazi aliyeshtuka halisikii kabisa. Anasikia "wa akili" tu. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote, hata profesa, unaweza kuja na kuondoka, na una dawa na tiba zake. Ulemavu wa akili unaanza mtu akiwa bado mtoto. Unahusu namna anavyojifunza, anavyoelewa na anavyojimudu katika mambo ya kila siku, na hauondoki kwa dawa ingawa mafunzo mazuri yanaubadilisha sana maisha yake. Hivi ni vitu viwili, na vinahitaji watu wawili tofauti.

Milima yetu inavyo vyote viwili, jambo ambalo lilinishangaza nilipokaa kulifikiria. Lutindi ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896, kwanza kwa kulea watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 pakageuzwa kuwa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili, pa kwanza pa aina hiyo katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Mpaka leo ni hospitali ya Kanisa la Kilutheri, na kazi za shamba na za mikono ni sehemu ya tiba. Halafu upande wa Lushoto, huko Irente, kanisa hilohilo lina shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Hospitali moja, shule moja. Ukimwambia mzazi "tatizo la akili" bila kufafanua, umempa jina moja kwa milango miwili, na kwa kawaida atauona ule wa hospitali kwa sababu ndio wenye umaarufu mrefu.

Kiingereza nacho hakijatulia. Ule usemi "mental retardation", uliokuwa wa kitaalamu kabisa, Marekani iliufuta katika sheria zake za shirikisho mwaka 2010 na kuweka "intellectual disability", kwa sababu ulishageuka kuwa tusi la mitaani. Kabla ya hapo maneno kama "idiot" na "moron" yaliwahi kuwa ya madaktari. Yaani ukibuni neno la heshima leo, subiri watoto walipeleke uwanjani. Hapa kwetu sheria ya mwaka 2008 iliitwa Sheria ya Afya ya Akili, na neno "afya" hapo ni hatua kubwa, kwa maana kila mtu ana afya, nzuri au mbovu, wakati ugonjwa ni wa wengine. Lakini hebu bandika tangazo la semina ya afya ya akili pale ubaoni uone nani atakayethubutu kuingia wenzake wakimwona.

Kuna jozi nyingine iliyonigharimu Amani, nayo ni fahamu na ufahamu. Herufi moja tu. Ufahamu sote tunaujua tangu shule ya msingi: habari fupi, halafu maswali matano. Ndio ule ambao Benjamin Bloom na wenzake, katika kile kitabu cha mwaka 1956 tunachokikariri kila mwaka, waliuweka ngazi ya pili, juu ya kukumbuka tu. Fahamu ni kingine. Mtu akianguka na kupoteza fahamu, hatusemi ameshindwa kuelewa habari. Tunasema hayupo nasi kwa muda. Kiingereza kinatenga hivyo viwili kwa maneno yasiyofanana hata kidogo, "comprehension" na "consciousness". Sisi tumevizaa kwa mama mmoja. Halafu tuna kuelewa, ambayo ni kuidaka maana. Na kujua, na kutambua. Ukisema "namjua" mtu, huenda umemwona tu. Ukisema "namfahamu", kwa masikio yangu, angalau mmewahi kukaa. Darasani tunauliza "Mmeelewa?" na darasa zima linaitikia "Ndiyooo", jibu ambalo halipimi lolote kati ya hayo.

Kwa nini ilinigharimu? Kwa sababu hili suala la fahamu lina historia maalumu kule Amani. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902, wakishughulika na mimea na kilimo. Baadaye Amani ikawa kituo kikubwa cha utafiti wa malaria. Na malaria kali ndiyo inayowapotezea watoto fahamu. Mitaani tunasema "imempanda kichwani". Mtoto akikakamaa na kugeuza macho wazee wanasema degedege, na wapo ambao kwa imani za zamani wanaihusisha na ndege au shetani aliyepita. Tafiti zilizofanywa Kilifi kule Kenya na pia Uganda zimeonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria ya ubongo wanabaki na matatizo ya kumbukumbu, lugha au umakini kwa muda mrefu. Si wote, na si sawasawa kwa kila mmoja.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mwalimu angepaswa kumuuliza mama yule lilikuwa jepesi tu: "Aliwahi kupoteza fahamu alipokuwa mdogo?" Sikuliuliza. Daftari lilikuwa limeshasema hana akili, na hilo neno lina tabia ya kufunga mazungumzo. Ukishaambiwa mtu hana akili, unauliza nini tena?

Hapa niseme pia kuhusu sisi wenyewe, maana mambo haya hayaishii Darasa la Tatu. Neno "mawazo". Kwenye Kiingereza cha lekcha, wazo ni "idea" au "thought", kitu kizuri, kitu cha kuandikia insha. Mtu mwenye mawazo mengi kwa Kiingereza ni mbunifu. Kwa Kiswahili cha hosteli, "jamaa ana mawazo" maana yake ana shida, halali, anatazama dari. Kuwaza si sawa na kufikiri. Kufikiri unakufanya wewe, una mahali unakwenda. Kuwaza kunakufanya kukupeleka, unazunguka palepale. Kutafakari ni kutulia na jambo moja. Kudhani ni kushika jambo bila uhakika. Na "msongo wa mawazo", tunaotafsiria "stress", umebeba picha halisi: mawazo yamekusonga, yamekubana mpaka pumzi haipiti. Binafsi naona ni neno zuri kuliko la Kiingereza.

Ila hapo pana mtego. Kwa kuwa mawazo ni jambo la kila mtu, mwenzetu akiwa na sonona kabisa, ile hali nzito inayohitaji tiba, tunasema "ana mawazo tu, yatapita". Tunamtania kuhusu bumu kuchelewa au supu za semista iliyopita. Kwa upande mmoja Kiswahili kinamtetea: hakumwiti mgonjwa wa akili, hakimtengi. Kwa upande mwingine kinamficha. Mwaka wa kwanza tulikuwa na mwenzetu chumba cha jirani aliyeacha kula na kuoga kwa wiki mbili, na sote tulisema ana mawazo. Aliyemwokoa ni mpishi wa kantini, ambaye hakutumia neno lolote. Alisema tu, "Huyu hajala kwangu tangu Jumatatu ya juzi," akaenda kumwita mlezi. Niliwahi kudhani mpishi yule hakujua lugha ya kitaalamu. Siku hizi naona alisema kitu ambacho sisi watu wa saikolojia tulishindwa kusema.

Mengine nipite haraka. "Conscience" na "conscious" kwa Kiingereza ni ndugu, na Kifaransa mpaka leo kinatumia neno moja kwa zote mbili. Sisi tumezitenga mbali: ya pili ni fahamu, ya kwanza ni dhamiri, ingawa mtaani husikii mtu akisema dhamiri; utasikia "nafsi inanisuta". Na msichanganye dhamiri na dhamira ya kwenye fasihi, mliwahi kunicheka kwa hilo kwenye wasilisho na sijasahau. Moyo kwetu ni wa ujasiri na utashi, tunapiga moyo konde. Roho ni ya ukarimu na uchoyo, ndiyo maana kuna roho mbaya lakini husikii mtu akisifiwa kwa roho ya hesabu. Kuhusu kuamini, ambako Kiingereza kina "believe" moja iliyochoka, sisi tuna kuamini, kusadiki na kudhani. Na kuamini kwetu kumezaliwa pamoja na imani, amana na hilo jina lenyewe la Amani. Kumwamini mtu ni kujiona salama naye. Mama yule aliniamini, ndiyo maana neno langu lilimwumiza.

Nakuja kwenye neno ambalo limetuharibia zaidi sisi wa chuo: msomi.

Mwaka 1990 mwanahistoria Mmarekani, Steven Feierman, alichapisha kitabu kuhusu Usambara kiitwacho Peasant Intellectuals. Jaribuni kukitafsiri kichwa hicho. "Wasomi wakulima"? Msomi ni aliyesoma, na wengi wa watu waliomo ndani hawakuwa watu wa shule. "Wanazuoni"? Hao ni watu wa chuo na vitabu. "Wenye akili"? Tumesharudi kulekule. Feierman, akimfuata Mwitaliano Antonio Gramsci, alikuwa anasema kwamba "intellectual" ni kazi ambayo mtu anaifanya katika jamii: anayepanga mawazo ya wenzake, anayeyasema hadharani, anayewaongoza kuelewa kinachowapata. Na wakulima wa Usambara walikuwa wanaifanya kazi hiyo kwa lugha yao. Walikuwa na jozi ya dhana waliyoibishania vizazi na vizazi, kuzifya shi na kubana shi, yaani kuiponya nchi na kuiharibu nchi: mvua inaponyesha au isiponyesha, nani ana nguvu, na nguvu hiyo inaponya au inaharibu.

Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Waingereza ikaja na mpango wa kuhifadhi udongo, kuanzia bonde la Mlalo, na kuwalazimisha watu kulima matuta. Watu wakapinga. Kwa macho ya maofisa, hao walikuwa wajinga wasiojua faida yao. Lakini watu walikuwa na hoja, kuhusu jasho ambalo matuta yanakula na kuhusu nani hatimaye ataimiliki ardhi, na walizijadili kwa kutumia dhana zao za kuponya na kuharibu.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko tunavyokitumia. Kinatenga ujinga na upumbavu. Mjinga hajui bado. Kamusi za zamani zinaeleza hata kwamba aliweza kuwa mgeni tu, aliyeingia mji asioujua. Mpumbavu anajua na hafuati. Mwalimu Nyerere alipoutaja ujinga pamoja na umaskini na maradhi kuwa maadui wa taifa, hakuwa anamtukana mtu, kwa sababu ujinga unaondoka kwa kufundishwa. Na methali nyingine inasema akili nyingi huondoa maarifa, ambayo mimi naiona ilitungwa mahsusi kwa ajili ya mwanachuo wa mwaka wa tatu aliyeko mazoezini.

Nilimwomba mama yule arudi. Ilinichukua siku nne kujiandaa, na katika siku hizo nilimfuata mtoto bila kumwambia. Jumamosi nikamkuta kwenye gulio akiuza iliki kwa niaba ya bibi yake. Anapima kwa kikombe, anasawazisha kwa kidole, mteja akichukua vikombe viwili na nusu anamrudishia chenji bila kutafuta karatasi. Darasani nikampa herufi sita. Tano akazisoma, baada ya dakika kumi akakumbuka mbili. Nikamsomea hadithi kwa sauti na kumuuliza maswali, akajibu yote, na moja akalijibu vizuri kuliko nilivyotegemea. Nikasimama nyuma yake na kumwita kwa sauti ya chini, akageuka. Kwa hiyo alinisikia, ingawa hiyo si kazi ya kipimo cha masikio na sijidanganyi.

Mama aliporudi sikutumia neno akili hata mara moja. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyofikiri; jaribuni wenyewe kuzungumzia mtoto kwa dakika ishirini bila neno hilo. Nilimwambia: hesabu za kichwani anaziweza. Akisomewa, anaelewa. Herufi akiziona leo, kesho zimemtoka. Sijui sababu, na mimi si mtu wa kuijua. Halafu nikamuuliza lile swali nililotakiwa kuliuliza mwanzo.

Akasema ndiyo. Alikuwa na miaka minne. Degedege, kisha akapoteza fahamu, wakalala hospitali siku sita. Alipozinduka alichukua muda kurudi kwenye maneno aliyokuwa anayajua.

Hilo halithibitishi kitu, na nilimwambia hivyo. Tulikubaliana aende naye hospitali akaeleze mambo hayo yote manne kwa mpangilio, pamoja na kupimwa macho na masikio, na nikamwandikia kwenye karatasi asije akasahau mbele ya daktari. Kwenye daftari la maendeleo nilikata yale maneno mawili kwa mstari mmoja, nikaandika pembeni kile nilichokiona, na tarehe.

Aliikunja karatasi ile mara nne, akaiweka kwenye pindo la kanga.

"Haya ya iliki na ya hadithi mimi nayajua siku zote, mwalimu," akasema. "Ila sikujua kama huku shuleni nako mnayaona."